Mafuta ya Kuotesha Nywele: Jinsi ya Kuyakagua Kabla Hujanunua, na Jinsi ya Kuyalalamikia Yakikudhuru

Swali la kwanza tuliloulizwa tulipokwenda kulalamika lilikuwa hili: "Chupa iko wapi?"

Mdogo wangu alikuwa amejifunga kitenge kichwani, na chini ya kitenge ngozi ilikuwa imechubuka kuanzia kipaji hadi juu ya masikio. Alinunua mafuta ya kuotesha nywele kwa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 35,000, yakaletwa na bodaboda hadi mlangoni. Siku ya nne kichwa kilianza kuwaka. Siku ya sita kilikuwa kinatoa majimaji, na kwa hasira akaitupa chupa jalalani. Alipomwandikia muuzaji, muuzaji akamfungia mawasiliano, naye kwa uchungu akayafuta mazungumzo yote. Afisa aliyetupokea alitusikiliza vizuri, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. Hatukuwa na chupa wala jina la bidhaa, na muuzaji hatukumjua zaidi ya picha yake ya mtandaoni. Hapakuwa na kitu cha kupeleka maabara wala mtu wa kumwita.

Tangu siku ile nimewasaidia watu kadhaa kuandika malalamiko ya namna hii, na nimejifunza kwamba kesi hushinda au hufa siku ya kununua, wakati bado una matumaini na humshuku mtu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali kidogo kabla ya malalamiko yenyewe. Nimeuandika kwa walio Tanzania na Kenya zaidi, na mwishoni kuna maneno machache kwa walio Uingereza na Marekani.

Hatua ya 1: Jua kwanza kwa nini nywele zinatoka

Watu wengi huruka hatua hii, na wauzaji wanalijua hilo. Kila binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Ukiona zaidi ya hapo, sababu ni nyingi, na kila moja ina njia yake.

Mwanamke aliyejifungua huweza kuanza kutoa nywele kwa mafungu miezi miwili hadi minne baadaye. Hali hiyo humpata pia mtu aliyeugua homa kali, aliyefanyiwa upasuaji au aliyepungua uzito ghafla. Nywele hizi kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi kadhaa, hata usipopaka kitu. Hapo ndipo penye soko nono kuliko yote. Mama ananunua chupa mwezi wa nne, nywele zinarudi mwezi wa nane kama ambavyo zingerudi, chupa inapata sifa, na mama anatuma picha yake kwa moyo mweupe kabisa. Picha si ya uongo. Ni sababu tu iliyobandikwa mahali pasipo pake.

Nywele za pembeni zinazokimbia kwa sababu ya kusuka kwa kubana, rasta nzito, au wigi la kugandishwa kwa gundi, dawa yake ya kwanza ni kuacha kubana. Ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa miaka, mashimo ya nywele huziba na kuwa kovu, na hakuna mafuta yatakayootesha nywele kwenye kovu. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba huenda ana mapunye, ambayo ni fangasi, na hayo yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Mabaka ya mviringo yaliyo laini kama kiganja, yaliyotokea ghafla, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Na upara wa kurithi, ule unaoanzia kwenye pembe za paji la uso au utosini, ni jambo la homoni na ukoo.

Nenda kwa daktari wa ngozi, au walau kituo cha afya, kabla ya kutoa hela. Karatasi utakayopewa siku hiyo ni tiba, na pia ni ushahidi wa jinsi kichwa chako kilivyokuwa kabla ya bidhaa. Itunze.

Hatua ya 2: Ulizia sheria inakiitaje kitu hicho

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, kila kitu ni dawa. Kemikali ya kulainisha nywele saluni ni "dawa ya nywele". Mafuta ya mnyonyo ni dawa. Vidonge vya famasi ni dawa. Sheria haioni hivyo, na ukipeleka malalamiko kwenye ofisi isiyohusika utazungushwa hadi uchoke.

Kanuni iliyoenea duniani ni kwamba kitu huhukumiwa kwa ahadi yake, pamoja na kilichomo ndani. Mafuta yanayosema "hulainisha na kung'arisha nywele" ni kipodozi. Mafuta yaleyale yakisema "huotesha nywele, huondoa upara" yameingia kwenye eneo la dawa. Marekani ilitamka hivyo waziwazi mwaka 1989: Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko, FDA, ilitoa kanuni kwamba bidhaa yoyote ya kupaka inayouzwa bila cheti cha daktari kwa ahadi ya kuotesha nywele au kuzuia upara ni dawa, na kwamba zilizokuwa sokoni wakati ule hazikuwa na uthibitisho. Moja ilivuka kizuizi hicho, minoksidili, iliyoruhusiwa kwa cheti cha daktari mwaka 1988 na kuuzwa bila cheti tangu 1996. Finasteridi ya kumeza, miligramu 1, iliidhinishwa mwaka 1997 kwa wanaume. Hizo mbili ndizo nguzo za matibabu ya upara wa kurithi mpaka leo. Kwa upara wa mabaka ulio mkali, tangu 2022 zimeidhinishwa dawa nyingine za kumeza zinazotuliza kinga ya mwili, na hizo ni za mkononi mwa daktari bingwa peke yake.

Sasa kwetu. Tanzania, dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vipodozi vilikuwa pamoja nao zamani za TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa, lakini tangu Julai 2019 vipo chini ya Shirika la Viwango, TBS. Wengi bado wanaandika "imethibitishwa na TFDA" kwenye matangazo. Ukiliona neno hilo kwenye bidhaa mpya, simama hapohapo, maana TFDA haipo tena kwa jina hilo. Dawa za asili na watoa tiba wake husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC.

Kenya, dawa ni za Bodi ya Famasia na Sumu, PPB. Ubora wa vipodozi ni wa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Tangazo la uongo unaweza kulipeleka Mamlaka ya Ushindani, CAK, kwa Sheria ya Ushindani ya 2010. Kliniki na madaktari ni wa KMPDC, baraza la madaktari la huko. Na nyuma ya wote ipo Katiba ya 2010, Ibara ya 46, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa taarifa, na ya kulipwa fidia akidhuriwa.

Hatua ya 3: Shika chupa mkononi

Baada ya kisa cha mdogo wangu nilinunua chupa ya muuzaji mwingine ili tu niiangalie. Ilikuwa chupa ya kupuliza, mililita 100, plastiki ya kahawia. Karatasi ya mbele ilikuwa na picha ya jani na mwanamke mwenye nywele hadi kiunoni. Nilipopitisha ukucha ukingoni, karatasi ikainuka, na chini yake kulikuwa na karatasi nyingine yenye jina tofauti kabisa. Tarehe ya kuisha ilikuwa imegongwa kwa muhuri wa wino uliofutika nilipousugua kwa kidole chenye maji. Viambato viliandikwa kwa maneno matatu: "mimea asilia mchanganyiko". Nilipofungua, harufu ilikuwa ya spiriti kali.

Ukiacha harufu, kila moja ya ishara hizo inatosha kukufanya urudishe chupa. Bidhaa halali huwa na jina la mtengenezaji na anwani yake, orodha kamili ya viambato, namba ya toleo ("batch number", inayoonyesha chupa ilitengenezwa katika fungu lipi), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na maelekezo ya matumizi. Dawa iliyosajiliwa Tanzania ina namba ya usajili, na daftari la dawa zilizosajiliwa lipo wazi kwenye tovuti ya TMDA. Tafuta kwa jina la kiambato. Kenya, bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS ina namba chini ya alama: andika SM, kisha alama ya reli (#), kisha namba hiyo, tuma kwenda 20023, na ujumbe utakaorudi ukuambie ni bidhaa gani na ya nani. Kama unalosomewa na simu halifanani na unachokishika, alama imeibwa.

Namba ya toleo watu huidharau, kwa hiyo nitaeleza kwa nini nimeing'ang'ania. Mwaka 2019 kule Hispania, watoto wachanga walianza kuota nywele usoni na mwilini. Walikuwa wamepewa dawa ya tumbo, omeprazole, iliyochanganywa famasi. Wachunguzi walifuata namba za toleo nyuma, famasi hadi msambazaji, hadi Málaga, wakakuta kwamba malighafi iliyoandikwa omeprazole ilikuwa kwa kweli minoksidili. Watoto zaidi ya 15 walikuwa wameathirika. Zile namba ndogo zilizogongwa pembeni ndizo zilizowezesha matoleo husika kuondolewa sokoni.

Hatua ya 4: Soma tangazo kama hakimu

"Asilimia mia asilia." "Haina madhara." "Wiki mbili tu." "Bei inbox." Sentensi ya tatu inaishinda sayansi: nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na hata minoksidili huhitaji miezi kama minne kabla ya kuonyesha kitu. Tena wiki za mwanzo nywele huweza kutoka zaidi, kwa sababu za zamani zinapisha mpya. Anayekuahidi wiki mbili hajui nywele, au anajua na anakudanganya.

Picha za kabla na baada zitazame mwanga. Ya kabla mara nyingi imepigwa chini ya taa kali, nywele zimelowa, kichwa kimeinamishwa. Ya baada nywele zimekaushwa na kuchanwa kuelekea mbele. Tafuta picha hiyohiyo mtandaoni kwa kuipakia kwenye kitafutaji, na utashangaa mara ngapi imetumiwa na wauzaji wa nchi nne tofauti. Na kama ni picha yako wewe iliyotumiwa bila ruhusa, hilo ni kosa linalojitegemea: Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sheria ya 2022, na Kenya kuna ofisi ya Kamishna wa Data.

Kwetu, matangazo ya dawa kwa umma yanahitaji kibali, na dawa za cheti cha daktari haziruhusiwi kutangazwa kwa mwananchi kabisa. Muuzaji anayetangaza finasteridi kwenye kurasa zake amekwisha kukupa nusu ya malalamiko yako.

Hatua ya 5: Dawa halali nayo ina maudhi yake

Nisingependa usomaji wa mwongozo huu ukufanye udhani hatari iko kwenye chupa za mitaani tu.

Aprili 2025 FDA ilitoa tahadhari kuhusu finasteridi ya kupaka, ile inayochanganywa na famasi na kuuzwa kupitia huduma za daktari wa mtandaoni. Hakuna finasteridi ya kupaka iliyowahi kuidhinishwa na mamlaka hiyo. Kati ya 2019 na 2024 walipokea taarifa 32 za watu waliopata matatizo: nguvu za kiume kupungua, wasiwasi, huzuni nzito, kukosa usingizi, ukungu wa akili, hata mawazo ya kujiua. Baadhi walisema maudhi hayakuisha hata baada ya kuacha, na wengine walisema hawakuambiwa lolote kabla. Mwezi uliofuata, kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni athari ya vidonge vya finasteridi, vya miligramu 1 na vya miligramu 5. Ukiwa unatumia ukahisi moyo unazama bila sababu, acha, mwambie mtu wa karibu, na muone daktari siku hiyohiyo. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika wala asigusane na iliyopakwa, maana inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Minoksidili (kwenye boksi utasoma "minoxidil") ilianza maisha kama dawa ya shinikizo la damu. Ukiipaka na mapigo ya moyo yakaenda mbio, ukapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au miguu kuvimba, acha na utafute daktari. Ulaya wametoa tahadhari pia kwamba watoto wachanga wameota vinyweleo mwilini baada ya kugusana na kichwa cha mzazi aliyepaka. Nawa mikono, subiri ikauke, usimlaze mtoto kwenye utosi wako. Kwa wanaofuga paka, dawa hii ni sumu kwa paka hao, hata kidogo kilichobaki kwenye mto.

Nunua famasi yenye mfamasia, uliza kwa sauti, na omba karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Ukiambiwa "haina karatasi", basi huenda boksi limefunguliwa.

Hatua ya 6: Siku ya kununua, fanya haya matano

Lipa kwa simu au kwa lipa namba, usilipe taslimu kwa bodaboda. Ujumbe wa muamala una tarehe, kiasi na jina la mpokeaji, na jina hilo mara nyingi ndilo pekee la kweli katika biashara yote.

Dai risiti.

Piga picha chupa pande zote nne, na chini yake, kabla hujaifungua. Picha ya namba ya toleo iwe inasomeka.

Hifadhi skrinishoti za tangazo na mazungumzo, zikionyesha jina la akaunti na tarehe. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu simu huibiwa. Mara nyingi tangazo hufutwa saa chache baada ya lalamiko la kwanza.

Piga picha kichwa chako: mbele, utosi, pande zote, mchana dirishani. Kisha paka tone kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri siku mbili. Jaribio hilo haligundui kila kitu, ila lingemwokoa mdogo wangu.

Hatua ya 7: Imekudhuru. Saa za kwanza

Acha kutumia. Osha kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni laini. Usipake kitu kingine juu yake, iwe asali, kitunguu au mafuta ya nazi, kwa sababu utaunguza zaidi na utavuruga ushahidi. Uso ukivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali kwanza, mengine yatasubiri.

Hospitali mwambie daktari jina la bidhaa na umwombe aliandike. Maneno "amepata mchubuko baada ya kupaka bidhaa fulani tangu tarehe fulani" yana uzito kuliko kurasa tano za maelezo yako mwenyewe.

Chupa ifunge vizuri, iweke ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jua na watoto. Usimrudishie muuzaji, hata akikuahidi mara mbili ya fedha zako. Dada mmoja niliyemsaidia aliletewa ujumbe wa upole sana: "Nitumie chupa niibadilishe." Nilimwambia ajibu kwamba chupa inakwenda maabara. Baada ya nusu saa fedha zote zikarudi kwenye simu yake. Tulipeleka chupa vilevile.

Hatua ya 8: Peleka kwa mamlaka

Hapa naomba usome taratibu. Mwaka 2016 FDA ilitangaza kwamba inachunguza viosha nywele vya WEN by Chaz Dean. Mamlaka ilikuwa imepokea taarifa 127 za nywele kukatika, mabaka ya upara na muwasho. Wachunguzi walipofika kampuni, wakagundua kwamba wateja walikuwa wamelalamika huko zaidi ya mara 21,000. Malalamiko elfu ishirini na moja yalikuwa yamekaa kwa muuzaji, na sheria ya wakati ule haikumlazimu kuyapeleka popote. FDA haikuwahi kuthibitisha chanzo kilikuwa nini, lakini habari ile ilisaidia kuleta sheria mpya ya vipodozi ya mwaka 2022, inayozitaka kampuni kuripoti madhara makubwa ndani ya siku 15 za kazi.

Sisi huku tuna tabia ileile. Tunamtukana muuzaji kwenye maoni, tunawaonya marafiki zetu kwenye kundi la WhatsApp, tunanyamaza. Mamlaka haisomi WhatsApp yako.

Tanzania, kama ni dawa, jaza fomu ya maudhi ya dawa ya TMDA. Ipo hospitalini na kwenye tovuti yao, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuripoti, si daktari tu. Namba yao ya bure ni 0800110084. Kama ni kipodozi, TBS, namba ya bure 0800110827. Kama hujui ni kipi, anza na TMDA na useme wazi kwamba bidhaa inadai kuotesha nywele. Kenya, PPB wana mfumo wa kuripoti mtandaoni wenye sehemu ya mgonjwa mwenyewe. Vipodozi peleka KEBS.

Andika kwa ufupi, bila kejeli. Mimi huwapa watu kielelezo hiki:

"Mimi ni mnunuzi wa bidhaa iitwayo ……, ujazo mililita ……, namba ya toleo ……, niliyoinunua tarehe …… kwa shilingi …… kutoka kwa …… Nililipa kwa simu, kumbukumbu ya muamala …… Tangazo liliahidi kwamba …… Nilianza kupaka tarehe ……, mara …… kwa siku. Tarehe …… niliona …… Niliacha kutumia tarehe …… Nilitibiwa katika …… tarehe ……, na maelezo ya daktari nimeambatanisha. Wakati huo nilikuwa natumia pia …… kichwani, na dawa ninazokunywa ni …… Chupa ninayo, ipo tayari kuchukuliwa kwa uchunguzi. Naomba bidhaa ichunguzwe, na nijulishwe matokeo."

Usifiche sehemu ya bidhaa nyingine. Kama ulikuwa umeweka kemikali ya kulainisha wiki iliyopita, sema. Wachunguzi wataliona, na ukilificha ndipo watakapoacha kukuamini.

Kama ilikuwa kliniki

Sindano za damu yako mwenyewe kichwani, mashine za mwanga, na upandikizaji wa nywele vina malalamiko ya aina yake. Kwa upandikizaji, uliza jambo moja kabla ya yote: nani atakayeshika kisu? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kimepiga kelele kwa miaka juu ya kliniki ambazo daktari huonekana kwenye tangazo tu huku kazi ikifanywa na watu wasio na leseni. Nywele za kisogoni, ambazo ndizo huchukuliwa, zina kikomo. Zikichunwa vibaya hakuna hazina nyingine. Anayesafiri hadi Istanbul kwa bei ya kifurushi ajue kwamba malalamiko yake yatabidi yapelekwe Uturuki, kwa mamlaka za huko, na adai nakala ya faili lake kabla hajapanda ndege ya kurudi. Kwa kliniki ya hapa, hakiki jina la daktari kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC kwa Kenya.

Hatua ya 9: Fedha zako

Mamlaka za dawa hazirudishi hela. Kazi yao ni kuondoa bidhaa sokoni. Kwa fedha, mwandikie muuzaji barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, siku 14 zinatosha, ukitaja kiasi cha bidhaa na gharama za matibabu. Akikaa kimya, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, bila ulazima wa wakili, na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Tanzania, Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe hupokea madai madogo ya aina hii, na ada yake si kubwa. Kama jina la muuzaji hulijui, hapo ndipo ule ujumbe wa muamala wa hatua ya 6 utakapokufaa.

Walio Uingereza waripoti kwa mfumo wa Yellow Card wa MHRA, mamlaka ya dawa ya huko, na matangazo ya uongo wayapeleke ASA, mamlaka ya matangazo. Walio Marekani watumie MedWatch ya FDA kwa dawa na vipodozi, na FTC, tume ya biashara ya huko, kwa udanganyifu. Kama mafuta yalitumwa kwenye begi la ndugu kutoka nyumbani, ripoti kote kuwili. Chupa uliyonayo inaweza kuwa ya toleo lilelile linalouzwa Kariakoo leo.

Ukishawasilisha, dai namba ya kumbukumbu na jina la idara, uyaandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Piga simu kila baada ya wiki mbili. Chupa iliyochukuliwa iandikiwe hati ya mapokezi, na kabla ya kuikabidhi mwagia kidogo kwenye kichupa kisafi, ukiandike tarehe, ubaki nacho. Dalili mpya zikitokea, ongeza kwenye faili lilelile, usifungue jipya. Na ukisikia jirani kapata dhara kwa bidhaa hiyohiyo, mpeleke naye akaandike la kwake kwa mkono wake mwenyewe, na ataje namba yako ya kumbukumbu.